Mtindo Uitwao Tulivu

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Nukta akiwa na simu mkono wa kushoto, kompyuta mbele yake, na ukurasa mmoja wa tovuti, ule wa mtaa wa bondeni, uliokuwa ukisema mambo mawili.

Kwenye kompyuta kulikuwa na sanduku jekundu lenye herufi nene: WAKAZI WA MTAA WA BONDENI, MSINYWE MAJI YA BOMBA, HATA YAKICHEMSHWA.

Kwenye simu hakukuwa na sanduku. Kulikuwa na picha ya bomba linalong'aa, saa za ofisi, na salamu za Mkurugenzi. Basi.

Ukurasa uleule, anwani ileile.

Utasema labda simu yake ni mbovu. Hata yeye alisema hivyo. Aliinuka, akaazima simu ya dada wa mapokezi. Akaazima ya mlinzi. Akaazima ya dereva, iliyopasuka kioo kama utando wa buibui. Zote tatu zilimwonyesha bomba linalong'aa.

"Unatafuta nini, Nukta?" dereva akamuuliza.

"Nimepoteza kitu."

"Kwenye simu yangu?"

Nukta akamrudishia, akarudi kwenye kiti chake.

Kama ndio kwanza unaungana nasi, pokea haya mawili matatu tuondoke pamoja. Nukta ni fundi wa tovuti ya kampuni ya maji. Jina hilo walimpachika ofisini kwa sababu hawezi kuiona nukta iliyokaa vibaya akaiacha. Mama yake alikuwa akiishi mtaa wa bondeni. Tangazo lile lilikuwa na tarehe ya Jumanne. Mama aliugua Alhamisi, na Jumapili wakamzika.

Hizo ni wiki sita zilizopita. Tangu hapo Nukta hajalia. Majirani wamesema ana roho ngumu, wengine wamesema ni usomi. Ukweli ni kwamba amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaufinya, na aliyefinywa ni mwingine.

Sasa tazama alichokifanya. Mtu mwingine angepiga mayowe. Nukta alifungua upande wa nyuma wa tovuti, pale mafundi wanapofanyia kazi.

Kila habari kwenye tovuti inakaa ndani ya sanduku lake, na kila sanduku linavishwa nguo. Nguo hiyo ndiyo mafundi wanaiita mtindo. Mitindo ya tovuti ile aliishona Nukta mwenyewe. Hatari ni nyekundu. Taarifa ni bluu. Shukrani ni kijani. Na kulikuwa na wa nne, Tulivu, alioushona kwa ajili ya jedwali moja pana la ratiba ya mabomba, ambalo kwenye simu lilikuwa likijikunja na kusomeka kama minyoo. Tulivu ulikuwa na amri moja tu: skrini ikiwa nyembamba, sanduku hili lisionekane.

Akabonyeza tangazo la mtaa wa bondeni aone limevaa nini.

Lilikuwa limevaa nguo mbili, Hatari kwa juu na Tulivu kwa ndani.

Kwa hiyo wakubwa ofisini, wenye kompyuta zao mezani, waliliona likiwaka kama pilipili. Watu wa bondeni, ambao kompyuta yao ni simu ya mkononi, hawakuona kitu.

Akafungua kumbukumbu za mabadiliko. Kila anayegusa sanduku huacha jina lake humo na saa yake. Akasoma polepole.

Jumanne. Saa tano asubuhi. Akaunti iliyoongeza mtindo: NUKTA.

*

Jumanne ile, saa tano asubuhi, Nukta alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, akingoja gego litoke. Kompyuta yake ya kazi ilikuwa nyumbani, juu ya meza ya kulia.

Na nyumbani siku hiyo alikuwepo mtu mmoja tu.

"Umekunywa chai?"

Aliyeuliza, hapo ofisini, alikuwa Mpimaji, mama wa maabara, mtu mzima, koti lake jeupe lina madoa ya dawa ambayo hayajawahi kutoka. Alisimama mlangoni akiwa na kikombe mkononi.

"Dada, njoo uone," Nukta akasema.

Mpimaji akaja. Akaona sanduku jekundu, akaitikia kwa kichwa.

"Hilo ni langu. Niliandika mimi. Maji ya bondeni yaliingiwa na dawa ya kiwandani, nikapima mara mbili. Saa tatu asubuhi nikampelekea Msemaji kwa barua pepe, nikampigia na simu. Alikuwa nyumbani siku hiyo. Akanijibu, 'Limepanda, mama, nenda katazame.' Nikatazama kwenye kompyuta yangu, nikaliona."

"Sasa litazame kwenye simu yako."

Mpimaji akaweka kikombe chini. Akatazama. Akapandisha ukurasa, akaushusha, akaupandisha tena. Uso wake ukabadilika kama nguo iliyotumbukizwa kwenye jiki.

"Mama yako," akasema.

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Nukta, nilijiuliza siku ya mazishi. Nilijiuliza, hivi huyu mama hakusoma? Mtoto wake ndiye mwenye tovuti, hakusoma?"

Nukta akasikia maneno hayo yakipita, kama lori linalopita nje na kutikisa vioo. Akasema tu, "Msemaji yuko ofisini?"

"Yuko kwa Mkurugenzi. Mkaguzi wa serikali anakuja saa nane. Wanataka kumwonyesha kwamba tulitangaza siku ileile."

Labda umeshaanza kunusa. Msemaji wa kampuni, yule mwenye tai na sauti nzuri redioni, ndiye mume wa Nukta, baba wa mtoto wao wa miaka sita. Ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

*

Alimkuta kwenye korido, anarekebisha tai.

"Mke wangu! Nilikuwa nakuja kwako. Kuna kazi ndogo ya dakika mbili. Ule mtindo wa kuficha vitu kwenye simu, unauitaje?"

"Tulivu."

"Huohuo. Ufute. Mkurugenzi anasema unachafua mandhari ya tovuti. Ufute kabisa, na kumbukumbu zake, kabla ya saa nane."

"Wewe umejuaje kwamba mtindo huo upo?"

Mkono ulibaki kwenye tai.

"Si ulinionyesha."

"Nilikuonyesha. Nikakuonyesha na neno langu la siri, siku uliyotaka kuweka picha za mkutano." Sauti ya Nukta haikupanda hata kidogo. Alikuwa kama anayesoma mita ya maji. "Jumanne, saa tano. Mimi nilikuwa nang'olewa jino."

Mumewe akamshika kiwiko, akamsogeza penye dirisha.

"Sikiliza. Mkurugenzi alipiga simu. Alisema tangazo lisikosekane, lakini lisizue taharuki kabla hawajapima tena. 'Liwepo, lakini lisionekane sana.' Hayo ndiyo maneno yake. Nilifanya kwa siku moja. Ilikuwa niondoe Jumatano."

"Hukuondoa."

"Jumatano Mkurugenzi alisema tusubiri. Alhamisi mama akaugua, tukawa hospitali, nika... nikasahau."

"Ukasahau."

"Usinitazame hivyo! Unadhani sikumfikiria mama? Jumanne ileile nilikwenda bondeni. Nilimpelekea katoni mbili za maji ya chupa. Nikamwambia, mama, haya ndiyo ya kunywa na kupikia, ya bomba usiguse, na usimwambie mtu. Mwulize yeyote! Nilimpelekea kwa mikono yangu!"

Nukta alimtazama mtu huyo. Miaka tisa wanalala kitanda kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema utajisikiaje siku ukivua nguo ukamwona. Nukta hakujisikia chochote. Aliona tu kwamba tai imekaa upande, na kwa mazoea mkono wake ukainuka uinyooshe. Akaushusha njiani.

"Kama alikuwa na katoni mbili," akauliza, "alikunywa nini?"



*

Nukta alikwenda ngazi za nyuma, akaketi kidato cha tatu kutoka juu, akampigia Mama Pacha.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa jirani wa mama, ukuta kwa ukuta. Ana mapacha wa miezi minane na sauti ya kuuzia samaki, japo anauza vitambaa.

"Ee mdogo wangu! Nilikuwa nakuwaza leo. Umeshakula?"

"Nimekula. Dada, nataka kukuuliza jambo. Jumanne ile, mume wangu alimletea mama maji ya chupa?"

Pacha mmoja alisikika akilia, halafu akatulizwa.

"Alileta," Mama Pacha akasema taratibu. "Nilidhani unajua."

"Yalikwenda wapi?"

"Mdogo wangu..."

"Yalikwenda wapi, dada?"

"Kwangu." Sauti ile ya sokoni ilikuwa imepotea. "Mama alikuja na katoni moja kichwani, akarudi kuleta ya pili. Akaniambia, 'Mkwe wangu kanikataza nisiseme, sijui ana nini. Lakini kama kweli maji yana neno, hawa wadogo ndio wa kwanza. Wachanganyie maziwa yao kwa haya.' Nikamwambia, na wewe je? Akasema, ngoja kwanza tuhakikishe. Akaniomba nimfungulie tovuti yenu kwenye simu yangu."

Nukta akaihamishia simu sikio la pili.

"Tukafungua. Tukatazama juu mpaka chini, mara mbili. Hakuna kitu. Hata akacheka. Akasema, 'Unaona? Huyu mkwe ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Mwanangu ndiye anayeiandika hii. Kungekuwa na jambo, angeliandika.' Akarudi kwake akaweka birika jikoni." Mama Pacha akavuta kamasi. "Hizo chupa nilitaka kumrudishia. Wallahi nilitaka. Akakataa, akasema wamalizie watoto. Upo? Mdogo wangu, upo?"

"Nipo."

"Lia, basi. Lia kidogo, nitangoja."

"Asante, dada. Wabusu watoto."

Akakata. Akabaki ameketi. Alihesabu vidato vilivyobaki hadi chini, vilikuwa kumi na viwili. Akagundua kwamba kiatu kimoja kinahitaji gundi. Kisha akainuka, akapanda ngazi.

*

Saa nane juu ya alama, Mkaguzi akaingia.

Alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mkoba umejaa karatasi. Hakutaka chai, hakutaka maji. Akaketi. Mkurugenzi akaketi mbele yake, mpana, anatabasamu. Mpimaji alikaa pembeni, mikono mapajani. Msemaji alisimama karibu na skrini kubwa ya ukutani. Nukta aliwekwa kwenye kompyuta, abonyeze akiambiwa.

Mumewe alimpita akamnong'oneza, "Umefuta?"

Nukta akafungua ukurasa.

Sanduku jekundu likajaa ukutani.

"Kama unavyoona, mheshimiwa," Msemaji akaanza, kwa sauti ile ya redioni, "siku ileile, saa tano asubuhi, kampuni ilitoa tangazo la wazi, kwa rangi ya hatari, kwa lugha nyepesi. Mwananchi asiyesoma, hapo sasa..."

"Naona," Mkaguzi akasema. Akaandika. "Liko vizuri. Kwa kweli nilidhani nitakuta mambo mengine."

Mkurugenzi akapumua. Kiti kikalia.

"Mheshimiwa," Nukta akasema, "naomba ufungue kwa simu yako."

Wote wakageuka.

"Mtandao wa humu ni hafifu," Mkurugenzi akawahi.

"Ninao wangu," Mkaguzi akajibu. Akavaa miwani, akafungua. Akapangusa kioo kwa kidole gumba, akatazama tena. Akainua macho kwenda ukutani, akayashusha kwenye simu. "Hapa kuna bomba linalong'aa."



"Kuna mtindo unaoficha sanduku kwenye simu," Nukta akasema. "Unaitwa Tulivu. Niliuandika mimi, kwa ajili ya jedwali la mabomba. Tangazo hili limevishwa."

"Na nani?"

"Kumbukumbu zinaonyesha akaunti yangu."

Mkurugenzi akapiga meza. "Basi! Mheshimiwa, huyu mfanyakazi alifiwa, tumemvumilia, kazi imemshinda, sisi tungejuaje..."

"Nilimuuliza yeye," Mkaguzi akasema. "Mama, ni wewe uliyeweka?"

"Hapana."

"Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

Nukta akamtazama mumewe. Hakumkazia macho, alimtazama tu, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusema maneno mawili.

Msemaji akalowesha midomo. Akamtazama Mkurugenzi. Akatazama sakafu.

"Mimi silijui," akasema. "Mke wangu ni msiri sana na mambo ya kazi."

Mpimaji akashusha pumzi kwa kelele, "Ee, baba wewe!"

Nukta akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa risiti.

"Na mtindo huo," Mkaguzi akaendelea, "umetumika sehemu ngapi?"

"Mbili. Jedwali, na tangazo hili."

"Una hakika?"

"Naweza kuonyesha."

Akaandika jina la mtindo kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Duara dogo likazunguka ukutani, na watu watano wakalitazama.

Orodha ikashuka.

Ilishuka, ikaendelea kushuka, ikajaza ukuta mzima. Juu kabisa mashine iliandika kwa herufi zake ndogo zisizo na huruma: *Masanduku yanayotumia Tulivu: kumi na moja.*

"Kumi na moja?" Msemaji akasema. Redio ilikuwa imezimika kooni mwake. Akamgeukia Mkurugenzi. "Mimi niliweka moja. Moja tu! Uliniomba neno la siri ukasema ni la dharura, mimi niliweka moja!"

Alisikia alichosema baada ya kukisema.

Mkurugenzi hakumtazama. Alikuwa anakusanya karatasi zake, moja baada ya nyingine, vizuri, kama mtu mwenye safari.

"Keti," Mkaguzi akamwambia. "Wewe mama, soma."

Nukta akasoma kwa sauti ileile ya mita, kuanzia chini, kwenye la zamani zaidi. La kwanza lilikuwa jedwali. La pili, tangazo la mtaa wa viwandani, la mwaka jana. La tatu, mtaa wa stesheni. La nne. La tano. Kila moja Hatari kwa juu na Tulivu kwa ndani. Mpimaji alikuwa akitamka pamoja naye kimyakimya. Yote ni yake, aliyaandika yeye, na kwenye kompyuta ya maabara aliyaona yote yakiwaka. Alipofika la kumi, la bondeni, Nukta hakusita. Aliendelea.

La kumi na moja lilikuwa la leo. Saa tatu asubuhi.

"Wakazi wa mtaa wa reli," akasoma, "msinywe maji ya..."

Akaacha.

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, alihisi kitu. Kilianzia kwenye ncha za vidole, kama mguu unaporudiwa na damu, sindano elfu kwa pamoja.

Mtaa wa reli. Nyumba yenye geti la bluu, ya tatu kutoka kona. Nyumbani kwake.

"Shule zimefungwa," akasema. Hakujua anamwambia nani. "Mtoto yuko nyumbani na shangazi yake."

Mumewe alikuwa ameshatoa simu. Akakosea namba mara mbili. Akaweka sauti kubwa, akaishika katikati ya meza, na chumba chote kikasikia ikiita.

Ikapokewa. Sauti ndogo, ya miaka sita, yenye furaha ya kushika simu ya wakubwa.

"Haloo, baba!"

"Mpe shangazi simu. Haraka, mwanangu. Mpe shangazi."

"Shangazi yuko bafuni, anatapika. Amesema nisiingie." Kijiko kikagonga glasi. "Baba, katuchanganyia juisi. Yake kaimaliza. Yangu imebaki kidogo, niimalizie?"